Tezo la Kornelio Mashoto

Kornelio alikuwa mashoto, na wachonga mpingo mashoto si wengi. Bandani kwao Boko wenzake walijua wasikae upande fulani, maana vibanzi vyake vilirukia kusikotarajiwa. Basi bodaboda ilipomburuza lami na kumng'oa mishipa ya fahamu ya mkono wa kulia, watu wakasema afadhali, Mungu kamwachia wa kazi. Akawa anabana gogo kwa nyayo, kama wafanyavyo kwao Newala, anachonga na huo mmoja.

Ndipo Daktari Arwa akamwambia: tutachukua mshipa mmoja wa fahamu wa kushoto, tuupitishe mpaka kulia, ukauamshe mkono uliolala.

"Na mkono huu unaotoa?"

"Gumba na kidole cha shahada vitapata ganzi, nguvu zitapungua. Baadaye zitarudi. Karibu wote hurudiwa."

Hilo "karibu" lilimkwama kama mwiba wa samaki. Mkewe, Demetria, akamaka: "Unabomoa nyumba unayolala ukajenge gofu?" Kornelio akakubali hivyohivyo. Alitaka mikono miwili, basi.

Kosa lake lilikuwa haraka. Kovu bado bichi, akaenda bandani akashika tezo lake la kuchongea. Pigo la kwanza tu, vidole havikuuhisi mpini. Tezo likamponyoka, pu! Wenzake wakaacha kuchonga. Sheria yao pale inajulikana: tezo likikuponyoka huliokoti siku ile, mti umekukataa.

Kornelio hakuliokota siku ile. Wala kesho yake. Masika yakapita, yakaja mengine, tezo limeegeshwa pembeni mwa banda linaota kutu, naye mkono wa kushoto anautunza kama yai. Chungwa anamenyewa na Demetria. Daktari alimpima akamwambia nguvu za kushoto zimerudi zote. Akaitikia "sawa", moyoni akisema daktari hajui mpingo. Alifundishwa pia kwamba akitaka kuuamsha wa kulia auvute wa kushoto kwa nguvu kuelekea kifuani, maana mshipa umetoka huko. Akawa anavuta kiogaoga, na wa kulia ukitetemeka tu kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi.

Asubuhi moja, Kornelio amekaa bandani akiwatazama wenzake, akaingia Nurdin, mpiga msasa wao. Nurdin ni Mmwera, mtani wake Kornelio, na mtani hana mwiko.

"Shikamoo, marehemu!"

"Toka hapa, mla panya."

"Nimefuata urithi wangu." Akaenda pembeni, akalinyanyua lile tezo, akalifuta kutu kwa shati. "Mke wangu hana mwiko wa ugali. Nitachonga wa mwembe. Tezo la marehemu litanifaa."

"Nurdin, weka chini."

"Si umelisusa? Mie na mwembe wangu tunalitaka."

Tezo lililozoea mpingo, likachonge mwembe! Wenzao wakacheka. Nurdin akaanza kuondoka, mpini umechomoza nyuma ya mgongo wake. Kornelio hakuwaza. Aliruka, akaudaka ule mpini kwa kushoto, akavuta. Nurdin, mwanamume wa kubeba magogo, naye akavuta.

"Achia, Mmakonde!"

"Achia wewe!"

Vumbi likatimka. Kornelio akakaza meno, akauvutia mpini kifuani kwa nguvu ambazo hakujua anazo, na gumba linauhisi, linauhisi mpaka mikwaruzo yake. Tezo likamtoka Nurdin mkononi, naye akakaa chini kwa makalio.

Lakini hakuna aliyemcheka. Wote walikuwa wanautazama mkono wa kulia wa Kornelio. Ulikuwa umejikunja kiwikoni, umetoka wenyewe kwenye kanga aliyoufungia shingoni, ngumi imefika usawa wa mbavu.

"Mama yangu!" akasema Nurdin kutoka chini. "Umefufuka mzima!"

Kornelio akaachia kidogo, mkono ukashuka. Akavuta, ukapanda. Akacheka, machozi yanamtiririka, akavuta tena.

Mzee mmoja wa banda akakohoa. "Lakini, Kornelio, si ulisema mti umekukataa? Nani kakuruhusu kuliokota?"

"Sikuliokota," akasema Kornelio. "Nimelinyang'anya."

Akakaa chini, akabana gogo la mpingo kwa nyayo, akaulaza ule mkono wa kulia juu ya gogo, mzito bado, lakini wake. Kisha akainua tezo kwa kushoto. Kibanzi cha kwanza kilimpata Nurdin shavuni.

"Sogea huko," Kornelio akamwambia. "Huo upande ni wangu. Na umwambie shemeji mwiko wake unakuja, wa mpingo."