Pasheni Mbili

Kwa kiherehere sina mpinzani, na hili nalisema mwenyewe kabla sijasemewa. Mimi ni fundi cherehani. Keki najua kula tu. Sasa siku ile mdogo wangu alipokwenda kuoga, akaacha bakuli la krimu mezani, nani alinituma nichovye kidole?

Ilikuwa siku ya majaribio yake ya kazi hotelini. Keki kumi na mbili za vikombe zilikuwa tayari, zimepoa, zinanukia pasheni. Krimu angeipaka hukohuko, mbele ya mpishi mkuu. Nikaonja. Kwa ulimi wangu huu, nikaona tunda halisikiki. Basi nikakata pasheni mbili, nikakamulia humo, nikakoroga. Lahaula! Krimu ikakatika palepale, mabonge huku, maji kule. Nikakoroga mpaka bega likauma, ikatulia kidogo, nikafunika. Nikajiambia itakaa sawa.

Haikukaa. Alirudi saa nane mchana, macho mekundu. Mpishi mkuu alifunua bakuli, akamwambia, "Binti, huna mkono wa kazi hii."

Nikamkumbatia, nikamwambia riziki ziko nyingi. Kweli nilipanga kumwambia kesho yake, kisha keshokutwa, kisha mwezi ukiisha. Ulimi wangu unaojua habari za mtaa mzima ukafa ganzi. Yeye akagawia majirani vyombo vyake vya kuokea, akaenda kupiga mihuri ofisi ya mizigo. Miaka minane sasa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na umri wa miaka saba, bila meno ya mbele.

"Mama mkubwa, kesho siku yangu ya kuzaliwa. Mama anasema yeye hana mkono wa keki, nije kwako."

Ningemwambia nini mtoto wa mdogo wangu? Nikanunua pasheni, nikamfunga aproni, tukapima unga, tukaoka. Jioni mama yake alikuja kumchukua, akasimama mlangoni na mkoba begani. Sisi tulikuwa tumefika kwenye krimu. Mtoto akakata pasheni, akaiinua juu ya bakuli.

"Acha!" nikapiga kelele. "Ukitia mbichi hivyo inakatika!"

Mtoto akaganda. Mdogo wangu akaniangalia.

"Dada," akasema taratibu, "wewe kabla ya leo hata mkate hujawahi kuoka. Umejuaje?"

Ningesema nimesikia redioni. Uongo ulishafika mdomoni, nikachoka nao. Nikasema yote: kidole, pasheni mbili, kile kifuniko.

Hakulia. Alitazama viganja vyake, wino wa mihuri umejaa kwenye kucha.

"Miaka minane," akasema, "nauchukia mkono wangu."

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikukosea."

Aliweka mkoba chini, akanawa mpaka viwikoni. "Juisi inachemshwa kwanza na sukari, iwe nzito, halafu ipoe," akamwambia mwanawe. "Tutafute sufuria."

Nikainuka haraka, maana najua ilipo.

"Wewe hapana," akasema. "Wewe kaa nje."

Nikatoka jikoni kwangu mwenyewe, nikakaa kwenye ngazi, nikalia. Baadaye mtoto akaniletea keki moja kwenye kisahani. Nikachovya kidole kwenye krimu. Tunda lilisikika mpaka kooni. Haikuhitaji kitu.