Makochi ya Krismasi

Jina lake halisi watu walishalisahau. Walimwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila mteja: "Njoo kesho." Alikuwa fundi wa makochi, na fundi mzuri, ila mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko mikono. Krismasi ilipokaribia kila mtu alitaka kochi lake livishwe kitambaa kipya kabla wageni hawajapiga hodi, naye hakumkatalia hata mmoja. Karakana ikajaa, makochi yakahamia sebuleni. Mkewe akawa anapita kiubavuubavu nyumbani kwake mwenyewe, na watoto wakala wakiwa wameketi juu ya vipande vya sponji.

Jioni ya mkesha mkewe alizima redio.

"Baba watoto, weka nyundo chini. Tunasoma habari za kuzaliwa kwa Bwana, tunasali, basi."

"Nimalizie mkono huu wa kochi tu."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, ukatukuta tumelala."

Akaja, ila mwili tu. Misumari ilikuwa bado mdomoni. Mkewe akamwambia aiteme, akaitema. Binti yao mkubwa akafungua Injili, akaanza na safari ya Yusufu na Maria. Kesho alisikia sauti, maneno hakuyasikia. Kichwani alikuwa anakata kitambaa. Punde akanyanyuka kwenda kuangalia gundi. Akarudi. Akanyanyuka tena kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa tangu mchana.

"Una nini wewe, siafu wamekuingia?" mkewe akauliza.

Kabla hajajibu, hodi ikapigwa. Ilikuwa sauti ya Mwalimu, mjane mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye kochi lake lilikuwa palepale katikati ya sebule, limevuliwa nguo zote, springi nje.

"Fundi, kesho zako zimekwisha," Mwalimu alisema akiingia. "Wanangu wanafika asubuhi. Kochi liko wapi?"

Kisha akaliona. Akaigusa springi moja kwa ncha ya kidole.

"Shikamoo, Mwalimu," mkewe akasema. "Tuko kwenye sala. Karibu uketi."

"Marahaba. Niketi wapi sasa?"

Kweli, pa kuketi hapakuwepo. Mwalimu akatazama huku na huku, mwisho akajishusha kwenye kochi lake mwenyewe, juu ya gunia la ndani, springi zikalia kwa pamoja. Mtoto mdogo akaangua kicheko. Mwalimu alijikaza, akashindwa, akacheka naye.

Binti akaendelea kusoma. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Mtoto akazaliwa, akalazwa mahali pa kulishia mifugo. Kesho alikuwa ameinama, masikio yanamwaka, akiomba kurasa ziishe ashike nyundo yake.

"Rudia hapo, mwanangu," Mwalimu akasema.

Binti akarudia.

"Wiki nzima nahangaika na sebule," Mwalimu akasema. "Rangi, mapazia, sijui nini. Tangu mzee afariki naogopa wanangu waje waone nyumba imepwaya. Na kusali sijasali hata siku moja."

Kesho akainua uso. "Mwalimu, nilikudanganya. Nilijua tangu mwanzo kwamba halitaisha. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kochi langu naondoka nalo hivihivi."

Wakasali. Sala ya Kesho ilikuwa fupi, ya kukwamakwama, ila maneno alikuwa anayasikia. Kisha wakalibeba kochi hadi kwa Mwalimu, na mkewe akalitandika shuka lao la maua, lile la wageni.

Asubuhi ya Krismasi, Kesho aliwatangulia wenzake kutoka nyumbani, bado hajatulia. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wateja waliobaki, kila mlango akisema, "Halijaisha, na wiki hii haliishi. Nilikuahidi uongo." Mmoja alimtukana. Mwingine alicheka mpaka akashika ukuta. Wa tatu alimfungia mlango usoni, na Kesho akasimama pale nje muda kidogo, hajui aondoke au abishe hodi tena. Akaondoka.

Alifika kanisani kwa kukimbia, shati limemganda mgongoni. Viti vilikuwa vimejaa na wimbo wa pili ulikuwa umeshaanza. Akasimama nyuma kabisa, miongoni mwa waliochelewa, akashika wimbo katikati ya ubeti na kuimba kwa nguvu, akikosea maneno.