Hesabu za Mlangoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Kavutha aliandika hesabu nyuma ya mlango. Ulikuwa mlango wa chuma, uliopakwa rangi ya kijani zamani, na chaki iliushika vizuri kuliko hata ubao wa shule. Aliandika chai ikichemka na binti yake Shirleen akiwa bado amejifunika gubigubi. Kisha alimwamsha, akamwonyesha chakula cha mchana kilichofunikwa na sahani, akamwonyesha mtungi wa maji na ndoo ya haja. Halafu alitoka, akafunga kufuli kwa nje na kulivuta mara mbili kuhakikisha limeshika. Ilikuwa likizo ya Agosti, na Shirleen alikuwa na miaka tisa.

Msimlaumu haraka. Katika jengo hilo la ghorofa mtaani Pipeline kila mama alifanya hivyo. Mwaka uliopita mtoto wa ghorofa ya sita alipanda reli ya korido kuchukua soksi yake kwenye kamba, akaanguka, na baada ya mazishi Mbaluka, keateka, yaani mwangalizi wa jengo, alipita mlango kwa mlango akitangaza sheria. "Mtoto nikimpata kwa korido, mamake ahame. Mimi sitaki maneno na polisi." Tangu hapo, ukipanda ngazi hizo mchana, ungeona makufuli yananing'inia kila ghorofa, na nyuma ya kila kufuli televisheni, au kilio, au kimya. Babake Shirleen aliendesha malori ya masafa marefu na alikuwa ameendesha moja kwa moja, asirudi. Hata nyanya yake, aliyefariki mwaka juzi huko Makueni, aliombwa kaburini aje kukaa na mtoto mchana tu, akakataa katakata. Alisema ngazi za Pipeline zinamuumiza magoti.

Basi zikabaki hesabu. Siku ya kufunga shule mwalimu alimwambia Kavutha, "Mtoto wako anajua kujumlisha, anajua kugawanya. Lakini ukimpa hesabu ya maneno, anakwama. Hasomi swali mara mbili. Mfanyie mazoezi nyumbani, mama, la sivyo Gredi ya Nne itamshinda." Shuleni hesabu zilikuwa za Kiingereza. Kavutha aliziandika kwa Kiswahili, kwa sababu mtu akikutokea mlangoni ni lazima muelewane.

Ya kwanza ilikuwa hii: Kiilu ana maembe 24. Anawagawia watoto 6 sawasawa. Kila mtoto atapata maembe mangapi?

Jioni Kavutha alifungua kufuli, akaweka mkoba chini, akauliza habari za mchana.

"Kiilu alikuja," Shirleen alisema.

"Na watoto?"

"Wote sita. Mmoja alikojoa kwa kitanda."

"Ukajibu?"

"Nne nne. Wakachukua wakaenda."

"Hawakukupatia hata moja?"

"Nilimwomba. Alisema mimi siko kwa swali."

Kavutha aligeuza godoro, akaanika shuka dirishani. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo jirani, karibu kiasi cha kuugusa kwa mwiko, na jua halikuwahi kufika hapo, lakini angalau upepo ulipita. Hakuona la ajabu. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana, mbuzi wa hesabu walilala jikoni kwao mpaka mama yake akatishia kumchapa kama hangewajibu kabla ya jua kutua. Hesabu ni hivyo. Watu wake huja, na wakishapata jibu huenda zao.

Alijaribu ujanja mara moja. Mfereji wa jengo ulikuwa umekauka tangu wiki iliyotangulia, kwa hiyo aliandika kwamba Mutunga ana pipa lililojaa maji, lita 200, naye ana mitungi ya lita 20. Mutunga alikuja na pipa lake limejaa hadi mdomoni. Shirleen alijibu kumi, Mutunga akajaza mitungi yake kumi, akaibeba yote, na pipa pia. Hakuacha hata tone la kulowesha kitambaa. Kavutha alisonya, akashuka kwenda kununua maji kama watu wengine.

Kisha majibu ya Shirleen, aliyoyaandika kwa penseli, yakaacha kuonekana mlangoni.

Kavutha aliligundua hilo jioni alipofungua kufuli na kukuta wanaume watatu wenye majembe wameketi kitandani mwake, wamepangana vizuri, kofia magotini. Kwenye jiko baridi aliketi mwanamke aliyebeba trei za mayai. Kiilu naye alikuwa amerudi, safari hii na mananasi, na watoto wengine.

"Karibu, mama," mzee wa wale wachimbaji alimwambia, kana kwamba yeye ndiye mgeni.

"Mmekaa hapa tangu lini?"

"Sisi tangu juzi. Tunachimba mtaro wa mita ishirini na nne. Kila mtu anachimba mita mbili kwa siku. Sasa hatujui zitakuwa siku ngapi, na hatuwezi kuanza bila kujua."

Kumbe mchana walikaa kitandani, na Kavutha akirudi walijibanza nyuma ya pazia la jikoni, kwa adabu, wasimsumbue mtu aliyetoka kazini. Siku hiyo nafasi ilikuwa imekwisha nyuma ya pazia.

Kabla hajafungua mdomo, jirani yake Khadro aligonga. Khadro alikuwa na duka la nguo, na binti yake Ilwad alifungiwa chumba cha pili. "Mama Shirleen, hapa kwako kuna harusi? Mchana kutwa watu wanaongea. Ilwad anasema mtoto analia hapa na si Shirleen."

"Ni hesabu, Mama Ilwad. Samahani."

"Aah, hesabu," Khadro alisema. "Basi zijibiwe, dada." Akaenda zake.

Kavutha alimgeukia mtoto. Alikuwa amesimama siku nzima kiwandani akikagua vifungo vya suruali, na hasira zilikuwa karibu. "Shirleen! Hawa watu wana kwao. Hujui kugawanya ishirini na nne?"

"Najua."

"Mbona hujajibu?"

Shirleen alikuwa akikwaruza rangi ya mlango kwa ukucha. "Nikijibu wanaenda. Wakienda nabaki mimi na kufuli."

Maneno hayo yalimchoma Kavutha, yakamchoma hasa. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, na mchimbaji mmoja akasogea kumpisha. Afanye nini? Geti la kiwanda lilifungwa saa moja kamili asubuhi, na aliyechelewa alirudi kwake na kazi akaikosa. Likishafungwa, aliyeko ndani naye hakutoka mpaka jioni. Angempeleka wapi mtoto?

"Ni wiki mbili tu, mama," alisema. "Shule inafungua."

"Basi niandike mimi kwa swali. Niende nao hawa wa mtaro."

Kavutha alimshika sikio, si kwa nguvu. "Usijiandike. Umenisikia? Usijiandike hata siku moja. Aliye ndani ya swali hufuata maneno ya swali."

Walijibu zote jioni hiyo, mama akisoma na mtoto akiandika. Siku nne kwa wachimbaji. Walinyanyuka, wakavaa kofia, wakasema asante, wakapitia mlangoni bila kuufungua. Mama wa mayai alipata trei zake. Kiilu aliondoka na watoto wake na mananasi yao, na mara hii hakuna aliyekojoa. Chumba kikawa kikubwa mno kwa watu wawili, na Shirleen alilala akiangalia ukuta.

Asubuhi Kavutha alikuwa mbioni, akasahau mezani kipande cha chaki ambacho siku zote huondoka nacho.

Jioni, kabla hajatia ufunguo, alisikia mtu anaimba ndani wimbo wa kanisani kwa Kikamba, akipotea pale pale ambapo yeye mwenyewe hupotea. Alifungua. Kwenye kigoda aliketi Kavutha mwingine, amevaa leso yenye kiraka kama ya kwake, anamsuka Shirleen mistari. Nywele zilikuwa karibu kumalizika. Mlangoni, kwa herufi kubwa za kitoto zilizopinda kuelekea chini, palikuwa pameandikwa:

Mama yuko nyumbani. Shirleen yuko nyumbani. Hakuna anayetoka. Jumla ni watu wangapi?

Jibu halikuwapo.

"Umechelewa," yule wa kigodani alisema. "Chakula kiko kwa sufuria."

Kavutha alivua viatu, akala. Maharagwe yalikuwa na chumvi kama anavyoipenda. Alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, akaona miguu yake haikuwa imevimba. Hiyo tu ndiyo ilikuwa tofauti.

"Nilikwambia usijiandike," alimwambia mtoto.

"Nisipokuwa kwa swali sipati kitu," Shirleen alisema.

Walilala watatu, Kavutha ukutani. Aliwaza kumlazimisha mtoto ajibu. Akawaza asubuhi aliyoizoea, kilio na kushikwa sketi. Lakini alfajiri Shirleen hakulia. Hakuamka hata kuaga. Alikuwa amelalia mkono wa yule mwingine, mdomo wazi. Kavutha alitoka kwa kunyata, akafunga kufuli, akalivuta mara mbili.

Kiwandani, Millicent, msimamizi wao, alipouliza nani anaweza kubaki baada ya saa za kazi, wenzake waliinamia vifungo kama kawaida, maana wote walikuwa na makufuli nyumbani. Kavutha aliinua mkono. Kwake kulikuwa na mtu. Alibaki siku hiyo na kesho yake, na baadaye Millicent akaacha kuuliza, akawa anaandika tu jina lake.

Shirleen naye alichanua, jamani. Yule mama wa ndani alikuwa na mchana mzima na subira isiyoisha. Walisoma kila swali mara mbili, wakacheza duka kwa vifuniko vya chupa, wakapima unga kwa kikombe. Siku Kavutha alipofungua mlango mapema alikuta wanacheka, nao walipomwona wakaacha kucheka, wakampisha apite.

Jumapili ya mwisho ya likizo alichukua chaki asahihishe kazi. Mlango ulikuwa umejaa kutoka bawaba hadi komeo. Alianza juu. Sahihi. Sahihi. Aliweka tiki kubwa kubwa, na moyo wake ulijaa fahari. Pale chini kabisa alikuta lile swali la mtoto, sasa limejibiwa: 2.

Kavutha aligeuka, akahesabu watu chumbani. Shirleen mezani. Mama yake kwenye kigoda, akichambua maharagwe. Na yeye mlangoni. Watatu.

Alisoma swali tena, kwa kuwa mwalimu alisisitiza hivyo. Mama yuko nyumbani: mmoja. Shirleen yuko nyumbani: wa pili. Yule aliyeshika chaki hakuwa nyumbani. Alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, na swali halikumtaja. Iliuma. Aliutafuta mwanya wa kuweka mkasi, alama ya kosa, hakuupata. Jibu lilikuwa sahihi, naye hakuwa mtu wa kumdhulumu mtoto. Aliweka tiki.

Kisha akasubiri yule mwenzake anyanyuke, aseme asante, apitie mlangoni kama wengine. Mwenzake alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa, akaendelea kuchambua.

Siku ya kufungua shule Shirleen alivaa sare, soksi zimevutwa hadi magotini, begi mgongoni. Kavutha aliufungua mlango wote. Mtoto alifika kizingitini, akasimama.

"Twende, tutachelewa."

"Hauendi," Shirleen alisema, akiutazama mguu wake.

Kavutha alimvuta mkono. Ilikuwa kama kuvuta kitanda kipite mlangoni kwa upana. Alimvuta kwa begi, akamsukuma kwa nyuma, akajaribu kumbeba. Kisha alichukua kitambaa kilicholowa, akaufuta mlango kwa nguvu zake zote. Kiilu alifutika, na mtaro, na pipa, na Mama yuko nyumbani, na Hakuna anayetoka. Chini ilibaki tiki yake peke yake, na hiyo hata alipoikwaruza kwa kisu haikutoka.

Khadro alipita na Ilwad akiwa na sare. "Shirleen haendi shule?"

"Yuko kwa hesabu."

"Pole sana, dada. Mimi wangu nilimwachia televisheni." Akamshika mwanawe mkono, wakashuka.

Mbaluka naye alipanda kuona kelele ni za nini. Alimwangalia mtoto, akaangalia kizingiti, akaangalia ncha za viatu vyeusi zilizokuwa upande wa ndani. "Sasa shida iko wapi? Hayuko kwa korido." Akaendelea na ghorofa ya juu.

Kutoka kwenye kigoda yule mama alisema, kwa upole kabisa, "Nenda, geti litafungwa. Sisi tuko."

Kavutha alipiga magoti, akamrekebishia mtoto kola. "Utakuwa sawa, Shirleen?"

"Niko na mama," Shirleen alisema.

Kavutha alisimama. Alirudisha mlango, akafunga kufuli, akalivuta mara mbili, ingawa hakuna yeyote humo ndani ambaye angeweza kutoka hata likiwa wazi. Akashuka ngazi mbio na kuwahi geti.

Siku hizi akirudi hupanda hadi mlangoni, akasimama, akabisha hodi. Husubiri mpaka aambiwe karibu. Ndipo hutoa ufunguo.