Mahali pa Kusubiria

Lori liliposimama Omurushaka, utingo alirusha godoro kwanza. Sanduku la bati aliliteremsha kwa heshima kidogo, maana lilikuwa na kufuli. Speciose alishuka mwenyewe, akikamata sketi ya shule isipeperuke mbele ya wanaume waliokaa barazani. Godoro lilikuwa limeangukia kwenye tope. Wenzake waliobaki juu ya lori, wanaoendelea Kyerwa, walimpungia mkono na kupiga kelele kwamba tutaonana. Tutaonana wapi, hakuna aliyesema.

Ilikuwa Novemba ya mwaka tisini na tano. Uchaguzi ulikuwa umepita juzi tu, na picha za wagombea zilikuwa bado kwenye kuta za maduka, zimelowa mvua, nyuso zimevimba. Walikuwa wameahidi maji, barabara na bei nzuri ya kahawa. Watu walipiga kura wakarudi kulima. Wao waliochaguliwa walipanda magari, wakaenda walikokwenda.

Speciose alikokota mzigo wake hadi kwenye mgahawa wa Bi Maua, karibu na soko. Bi Maua alizaliwa hapa hapa, lakini babu yake alitoka Tanga na biashara ya nguo, na yeye mpaka leo aliongea kama aliyeshuka jana kwenye basi la Tanga.

"Shikamoo, Bi Maua."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo mmemaliza?"

"Tumemaliza jana. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jiografia."

"Alhamdulillahi. Sasa?"

Neno hilo lilikuwa limemfuata Speciose tangu shuleni. Mkuu wa shule aliwaambia siku ya kuagana: nendeni mkajiajiri, taifa linawategemea. Kisha akapanda baiskeli yake akaenda zake. Mwenyewe mshahara wake ulikuwa haujaja. Mwalimu wa darasa aliwauliza mmoja mmoja, sasa utafanya nini? Huyu alisema ualimu, yule akasema jeshi, mwingine akasema kwa mjomba Mwanza. Zamu ya Speciose ilipofika, alisema, "Kwanza nitafika nyumbani." Darasa zima lilicheka. Lakini yeye hakufanya mzaha. Ndivyo alivyopanga. Afike, alale, apalilie kaburi la mama yake, halafu ndipo akae afikiri. Pengine uuguzi. Pengine amfuate baba. Pengine hata hilo jingine ambalo bado halina jina. Hata kusitasita kunataka mahali pa kukaa.

"Bado sijajua," alimjibu Bi Maua.

"Haya, kunywa chai. Ya rangi, usinilaumu, na sukari imepanda tena. Maziwa siku hizi tunayasikia tu. Wenye ng'ombe si wamehama na ng'o..." Bi Maua alijiuma ulimi. "Samahani, mwanangu. Baba yako hajaleta habari?"

"Bado."

Karekezi, baba yake, alivuka mpaka mwezi wa pili kurudi nchi aliyozaliwa, yeye na ng'ombe wake, pamoja na wazee wenzake. Aliletwa Karagwe akiwa mvulana wa miaka kumi, akimfuata mama yake nyuma, akamaliza miaka zaidi ya thelathini hapa. Hapa alioa. Hapa alilipa kodi. Mwaka wa vita vya Kagera, askari walipopita wana njaa, Karekezi alitoa fahali, na siku ile hakuna kiongozi aliyemuuliza kwao ni wapi. Walianza kumuuliza baadaye, fahali alipokwisha kuliwa. Mkewe Kantengwa alipofariki, mzee yule alikonda kwa maneno. Akawa anaongea na ng'ombe kuliko watu. Mwanamume aliyefiwa hupenda ng'ombe kwa sababu ng'ombe hawamwambii pole. Basi upepo wa kurudi ulipovuma, alimfuata Speciose shuleni, akasimama naye nje ya lango. "Maliza kwanza. Nyumba ipo, nimemwachia Mtendaji wa kijiji aiangalie. Nikipata pa kukaa nitatuma mtu." Mtu hakuja, na likizo ya mwezi wa sita Speciose aliimalizia shuleni akisomea mtihani.

"Sikiliza," alisema Bi Maua. "Mimi nataka msichana wa kusukuma chapati. Kulala ni stoo. Madereva wa malori wana midomo, lakini mwiko ninao mwenyewe. Sikulazimishi. Nenda kwanza, ukiona mambo magumu rudi."

Speciose alishukuru. Alimpata mtu wa baiskeli, wakafunga sanduku na godoro nyuma, yeye akafuata kwa miguu. Njia ya upande wa Kihanga ilikuwa laini kwa mvua. Watoto waliokuwa wakiwinda senene kwenye majani walimpigia kelele, "Sekondari! Sekondari!" naye akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Aliona moshi kabla ya kuona nyumba.

Moshi ulitoka jikoni kwa mama yake. Kibanja chote, migomba na mibuni iliyozunguka nyumba, kilikuwa kimepogolewa vizuri kuliko alivyokiacha. Nguo za mtoto zilikuwa kwenye kamba. Mwanamke kijana alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwona msichana wa sare na mzigo, akasimama.

"Karibu," alisema, kama mtu asiye na hakika na neno lenyewe.

"Hapa ni kwa Karekezi," alisema Speciose.

"Ni kwa Polikarpi. Ni mume wangu. Tumetoka Songambele." Mwanamke aliangalia chini. "Mimi ni Renatha. Dada yangu, mimi sijui kitu. Mume wangu hayupo, amekwenda kibarua. Nenda kwa Mtendaji, yeye ndiye alitupa."

"Aliwapa?"

"Mwezi wa nne."

Speciose alizunguka nyuma ya nyumba. Maharage yalikuwa yamepandwa kila mahali hadi kwenye mawe ya kaburi, yakaishia hapo. Juu ya kaburi palikuwa na nyasi kavu mpya. Walikuwa wameliacha, tena wamelitandazia. Hakujua kama alitakiwa kuwashukuru au kuwachukia, na hiyo ndiyo ilimwumiza zaidi. Angewakuta wamelima juu yake, angejua la kufanya.

Aliacha mzigo chini ya paa, akaenda ofisini.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza moja. Evaristi, Mtendaji, alikuwa nyuma ya meza akila karanga. Kwenye benchi walikaa watu watatu wakisubiri shida zao zisikilizwe, na kwa kuwa shida za wengine huchekesha, walitega masikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si wa Karekezi? Umekuwa mkubwa. Karekezi si alikwenda kwao?"

"Alikwenda. Mimi nilikuwa shule."

"Akakusahau?"

Benchi lilicheka. Speciose alisubiri kicheko kiishe.

"Alisema nimalize kwanza. Nyumba alikuachia wewe uiangalie."

"Nimeiangalia. Hukuiona ilivyo safi?" Benchi likacheka tena. Evaristi alifuta chumvi vidoleni. "Binti, ardhi ni mali ya serikali. Mtu akiondoka, kijiji kinampa mwenye nguvu ya kulima. Umemaliza shule, mfuate baba yako. Au una mpango gani?"

"Nasubiri matokeo."

"Unasubiria wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Swali lilikuwa jepesi. Hata mtoto wa chekechea angelijibu.

"Nimezaliwa pale," alisema Speciose. "Mama yangu amelala pale. Na nataka barua ya utambulisho. Nikipata nafasi ya uuguzi wataniuliza ni mkazi wa wapi."

"Barua anapewa mkazi. Mkazi ni mtu mwenye kaya. Kaya yako ipi?"

"Ile."

"Ile ni ya Polikarpi." Evaristi alifungua droo, akatoa muhuri, akauweka mezani. Alifanya taratibu, kama mtu anayemwonyesha mbwa mfupa. "Mimi sina roho mbaya. Nitakuandika chini ya Polikarpi. Speciose Uwimbabazi, mgeni katika kaya ya Polikarpi. Yeye hawezi kunikatalia. Barua unaichukua leo leo, muhuri huu hapa. Mambo yamekwisha."

Yangekwisha kweli. Speciose aliuangalia muhuri ule, mpini wake umeng'aa kwa mikono. Barua angeipata. Uuguzi ungewezekana. Na siku yoyote baba yake, au mtu wake, angekuja kuuliza kibanja, wangemwonyesha maandishi: hata binti yako mwenyewe alikubali kwamba hapa ni mgeni.

"Kwa nini mgeni?" aliuliza.

"Neno tu hilo, binti."

"Kama ni neno tu, andika mwenyeji."

Safari hii benchi halikucheka. Mzee mmoja alikohoa. Evaristi aliuchukua muhuri, akaurudisha ndani ya droo na kuisukuma kwa tumbo.

"Ndiyo hasara ya kusomesha," aliliambia benchi. Kisha akamgeukia. "Kesho nitapita pale. Nikikukuta umekaa kwa mtu bila kuandikwa, hilo ni kosa, nawe umesoma unajua. Una usiku mmoja wa kufikiri. Anayefuata!"

Alirudi polepole. Njiani alikutana na watu waliomjua tangu utoto, wakamsalimia, wakauliza, "Umemaliza? Sasa?" na kabla hajajibu walikwisha pita. Hakuna aliyemwambia njoo ulale kwangu. Si kwamba walikuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na kibanja chake na Mtendaji ni yule yule mmoja.

Alifikiria kurudi Omurushaka kwenye chapati. Alifikiria mpaka, na baba katika nchi ambayo yeye aliijua kwa hadithi tu. Atafika, aulize nani? Mvua ilianza. Akaenda kule ambako miguu ilijua njia.

Polikarpi alikuwa amerudi. Alikuwa mwanamume mwembamba, jembe bado liko mlangoni lina udongo mbichi. Godoro na sanduku vilikuwa vimeingizwa ndani visilowe. Godoro walilikwangua tope.

"Kaa, binti," alisema Polikarpi. Alimpa kigoda kizuri, kile cha mgeni. Speciose alikijua. Alikichonga baba yake.

"Nikwambie ukweli," Polikarpi alianza, bila kumtazama. "Kwetu Songambele tuko ndugu saba kwenye kibanja kimoja. Nilikuja hapa nikiuliza ardhi, Mtendaji akasema ipo, wenyewe wameondoka wote. Wote, alisema. Nikampa ndama. Nilikuwa na yule yule mmoja. Karatasi hakunipa, alisema itakuja."

"Haijaja?"

"Itoke wapi?" alidakia Renatha toka jikoni. "Kila nikimwambia mume wangu afuate karatasi, anasema usimkasirishe Mtendaji. Na leo kapita hapa mtu wake, anasema tukubali kukuandika mgeni. Tukikataa, tutajua tulikotoka."

"Nyamaza kidogo, Mama Theoneste."

"Sinyamazi. Ni kweli."

Mtoto wao, Theoneste, alikuwa amelala juu ya godoro la Speciose, kidole mdomoni. Hakuna aliyethubutu kumwondoa.

"Basi mimi naona hivi," alisema Polikarpi. "Kaa hapa. Mtendaji akija nitasema ni mgeni wangu, mpaka matokeo yako yatoke. Utakula tunachokula. Mimi na wewe hatuna ugomvi."

Alinyanyuka, akaenda ukutani, akarudi na kikapu kidogo chenye mfuniko. Huku Karagwe mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, akamwani kwa Kinyambo, punje zilizochemshwa na majani ya harufu, zikaanikwa. Mwenye nyumba ndiye hutoa, mgeni ndiye hupokea. Huwezi kumkaribisha mtu kwa kikapu katika nyumba ya mwenzako. Watakuona umerukwa na akili. Na kukikataa kikapu ni tusi kubwa kuliko kofi. Polikarpi alikishika kwa mikono miwili kama inavyopasa, akainama.

"Karibu, mgeni. Tafuna."

Mvua ilipiga migomba kwa nguvu. Speciose aliziona punje. Zilitoka kwenye mibuni ya mama yake. Hapakuwa na mingine. Njaa ilimkata, na kichwa kiliuma, na alijua kwamba mtu huyu anampa kilicho bora kuliko vyote alivyonavyo. Akitwaa punje moja tu, atalala kwa amani. Hakuna atakayemlaumu. Hata mama yake, pale nyuma.

Hakuchukua punje. Alichukua kikapu.

Alisimama, akahama kwenye kigoda. Alikunja magoti kidogo, kama Kantengwa alivyokuwa akifanya wageni wakija, akakinyoosha kikapu mbele ya Polikarpi.

"Karibu, Baba Theoneste," alisema. "Na wewe, Mama Theoneste. Karibuni kwetu. Samahani, mmefika mimi sikuwepo. Tafuneni."

Renatha alitokeza kichwa mlangoni pa jiko. Polikarpi alitazama kikapu, akamtazama mkewe, akatazama mlango wa nje kana kwamba benchi lote la ofisini limesimama pale. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeambiwa avue shati barabarani. Halafu mkono wake, wenye udongo bado kwenye kucha, ulishuka ndani ya kikapu ukatoka na punje moja.

Akaitia mdomoni. Akatafuna polepole, macho chini, mpaka ikaisha.

"Asante, mwenye nyumba," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini kesho Evaristi akija, mimi nitasema mgeni ni wewe. Nina mtoto."