Kadzo Mbele ya Dirisha

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe sita Juni, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, saa nne za asubuhi, pale bwana mmoja mwenye kitambulisho cha kazi shingoni alipokishika kiti alichokalia Kadzo akakigeuza. Ngala, mumewe, alikuwapo na hakuona ubaya wowote. Kiti ni kiti. Kielekee mlango, kielekee ukuta, kielekee Tanga, kwake ilikuwa mamoja. Angelijua, angelikikalia yeye mwenyewe kisigeuke.

Kadzo alikuwa mgonjwa wa figo. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi zilikuwa fupi, na njia ya kutoka kwao nyuma ya Msambweni hadi barabarani ilikuwa imekuwa safari. Mwaka huo mradi mmoja ulileta hospitalini mashine ya kusafisha damu, ukaijengea jengo lake lenye paa la buluu, na mbele ya jengo ukasimamisha kibao chenye majina ya wakubwa waliolifungua. Kisha wakubwa wakataka video. Alitakiwa mgonjwa anayeweza kusema bila kulia, na nesi akamtaja Kadzo. Aliambiwa kwamba video itaonekana mbali, na kwamba waliosema hawatasahauliwa kwenye foleni ya mashine.

Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akiona kamera anajifunika leso. Siku hiyo aliamka mapema, akajipaka mafuta ya nazi usoni.

"Baba Rispah, nimeng'aa?"

"Umeng'aa kama sufuria ya harusi."

"Basi. Nikionekana, nionekane."

Mpiga video alikuwa Swabir, kijana wa Ukunda ambaye riziki yake ni kupiga harusi za watu. Yeye alimweka Kadzo vizuri, kiti kimeelekea dirisha, mwanga wa asubuhi unamwingia usoni. Ndipo akaingia Chengo, msimamizi wa matangazo wa mradi, huyo mwenye kitambulisho shingoni.

"Jengo liko wapi?"

"Liko nje, mkubwa. Nyuma yangu."

"Nyuma yako litaonekanaje? Mama ageuzwe, jengo liwe nyuma yake. Na kile kibao kisomeke."

"Mkubwa, akikaa hivyo dirisha lote litaingia kwenye kamera. Jengo litatoka, uso utakuwa giza. Ni kimoja tu kati ya viwili. Labda tungekuwa na ile taa."

"Taa iko wapi?"

"Imebaki Kwale. Ulisema gari limejaa maboksi ya fulana."

"Basi fanya ufundi," Chengo akasema, na kiti akakigeuza mwenyewe, Kadzo yuko juu yake kama mzigo.

Swabir alitazama huku na huku akitafuta kitu cheupe. Akavuta shuka kwenye kitanda kitupu, akampa Ngala. Akamsimamisha hatua chache mbele ya kamera, pembeni, akamwambia alinyooshe kama anayeanika nguo, alielekeze dirishani. Ngala ni fundi wa kuezeka makuti kwenye mahoteli ya Galu, mikono yake imezoea kushika vitu juu. Akalinyoosha. Mwanga ulioingia dirishani ukalipiga shuka, ukarudi taratibu usoni kwa mkewe.

Ngala hakuwa ametarajia kitu. Alidhani anasaidia kazi. Lakini uso wa Kadzo ulitoka gizani kama mtu anayetoka nyumbani, mwanya wake, mikunjo ya pembeni mwa macho, alama ya tetekuwanga chini ya jicho la kushoto, vyote, na mafuta ya nazi yakipokea ule mwanga. Kadzo alimtazama mumewe na shuka lake, akacheka.

"Leo umekuwa kamba ya nguo."

"Hapo hapo, mzee, usitikisike," Swabir akasema ameinamia kamera. "Mama, taja jina lako."

"Kadzo wa Ngala."

Chengo akasogea, akachungulia kioo kidogo cha kamera.

"Hilo shuka lina doa. Na kona yake inaingia kwenye picha."

"Kona naweza kuikwepa, mkubwa."

"Doa je? Hospitali ionekane ina mashuka machafu? Liondolewe. Mzee, na wewe tupishe, utatutia kivuli."

Ngala akatoka na shuka lake mikononi. Maneno ya mkewe aliyasikilizia mlangoni.

*

Mashine ilifanya kazi majuma machache, ikazima. Fundi alisubiriwa kutoka Nairobi. Agosti Kadzo akafa, foleni akaiacha ilipokuwa. Wakubwa wa mradi walituma watu mazikoni, wakaja na fulana. Mpaka leo Ngala akipanda paa la hoteli huivaa mojawapo, kwa sababu fulana ni fulana, na vumbi la makuti haliharibu nguo yake mwenyewe.

Picha ya Kadzo haikubaki hata moja. Ya harusi ililiwa na mchwa zamani. Kitambulisho chake kilichukuliwa walipokwenda kuandikisha kifo. Kilichobaki ni fotokopi yake, na humo Kadzo ni kichwa cheusi chenye masikio mawili.

Mwaka uliofuata binti yao Rispah akajifungua mtoto wa kike, akaitwa Kadzo kama desturi inavyotaka. Kina mama wa mji wakaja kumtazama, wakaanza kumgawa viungo. Paji la uso la baba yake. Vidole vya Rispah.

"Na pua?" mmoja akamgeukia Ngala. "Hii si ya bibiye?"

Ngala akamwinamia mtoto, akaitazama ile pua. Aliikumbuka sauti ya Kadzo. Alikumbuka mikono yake, na jinsi alivyovuta mguu wa kulia alipochoka. Ule mwanya aliujua kwa kuwa alikuwa akiutania. Pua alipoitafuta hakuikuta, na alivyozidi kuitafuta ndivyo macho nayo yalivyoanza kuondoka.

"Ni ya bibiye," akasema, kwa kuwa walikuwa wanangoja. Hilo la kutokumbuka hakumwambia mtu.

Wiki moja baadaye alimsindikiza Rispah na mtoto hospitalini kwenye chanjo. Kwenye baraza la kungojea palikuwa na televisheni mpya, imetundikwa juu, inarudia video ile ile ya mradi tangu asubuhi. Ngala akasikia sauti kabla hajainua kichwa.

"Naitwa Kadzo wa Ngala. Tunashukuru kwa mashine."

Jengo lilionekana. Paa la buluu liling'aa, kibao kilisomeka jina kwa jina. Mbele yake palikuwa na kivuli cha mwanamke aliyejitanda leso, kivuli kinachosema. Uso haukuwapo. Hata ule mng'ao wa mafuta haukuwapo.

Kwenye benchi la mbele kina mama wawili walikuwa wakinyonyesha. Mmoja ni Kahaso, muuza samaki wa pale njia panda. Mwingine Ngala hakumjua.

"Huyu mbona wamemficha uso?" akauliza yule mgeni.

"Hao huwa ndio wale wasiotaka kujulikana," Kahaso akajibu. "Kama kwenye habari. Ana jambo."

"Ugonjwa wa aibu?"

"Au kesi. Labda amemwua mumewe."

Wakacheka kidogo, bila ubaya, kama watu waliochoka kungoja.

"Mume ni mimi," Ngala akasema kutoka nyuma. "Hajaniua."

Kahaso akageuka. Alimjua Ngala, na hapo akamjua na marehemu.

"Ngala, nisamehe baba. Sikumjua. Na wewe mwenyewe tazama, ungemjua?"

Ngala akatazama. Video ilikuwa imerudi mwanzo. Rispah alikuwa amemziba mtoto masikio, kana kwamba mtoto ndiye aliyetukanwa.

*

Swabir ana kibanda cha picha nyuma ya soko la Ukunda. Aliposikia jina la Kadzo aliinuka, akampisha Ngala kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee. Na pole. Nilisikia."

"Marahaba. Mwanangu, umemtia mke wangu masizi."

Swabir hakujitetea. Alimwambia Ngala akae mlangoni, mgongo wake uelekee barabara yenye jua, akampiga picha kwa simu. Akamwonyesha: barabara nzuri, pikipiki zinapita, na katikati mtu mweusi kama chungu. Kisha akamgeuza aelekee nje. Sasa Ngala akajiona, mvi, macho mekundu, fulana ya mradi.

"Mahali ni pale pale, na mtu ni yule yule," Swabir akasema. "Kamera ni kama jicho. Likikutana na jua, linajikunyata. Likijikunyata kwa ajili ya dirisha, aliye mbele ya dirisha hapati kitu. Kamera haijui nani ana maana zaidi. Inafuata palipo na mwanga mwingi."

"Basi ni kama hao wakubwa wetu."

"Wao wanajua kuitumia. Bwana Chengo kila nikimpiga hutaka nipige magoti, nimpige kutoka chini. Ukimpiga mtu kutoka chini anakuwa mrefu."

"Na mke wangu ulimpiga kutoka wapi?"

"Usawa wa macho, mzee. Kama ninavyompiga mama yangu."

Akaifungua kwenye kompyuta ile video iliyotangazwa, akajaribu kuupandisha mwanga usoni. Kivuli kikawa kijivu, halafu kikajaa chembechembe, kama mchanga uliotupwa kwenye karatasi. Akaongeza. Mchanga ukazidi. Ngala akainama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akitafuta pua ya mtu mwingine.

"Acha," akasema mwishowe.

"Mahali ambapo mwanga haukufika, hakuna kilichoandikwa. Siwezi kukitoa kisichokuwamo." Swabir akazima. Kisha akakuna kidevu. "Lakini kuna lile shuka."

"Shuka gani?"

"Ulilolishika. Pale alipocheka. Nilikuwa ninapima mwanga, na mara nyingine nikipima hubonyeza kabisa, nirekodi, nije nitazame baadaye. Mara nyingine sibonyezi. Kama nilibonyeza, mama yumo mzima mzima. Kadi zote za kamera walizichukua watu wa mradi siku ile ile, na mimi harusi zimepita nyingi tangu hapo."

*

Wakaenda Kwale pamoja.  Tangu vilima vya Shimba hewa inakuwa ya baridi baridi, na Ngala alikuwa hapendi kupanda huko juu, kwa sababu kila alipopanda alikwenda kuomba kitu na akarudi bila.

Ofisi ya mradi iko ghorofani. Chengo aliwapokea vizuri, na hilo lilimchosha Ngala zaidi, maana alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Aliambiwa akae. Aliulizwa kama atakunywa chai.

"Sikuja kunywa chai. Nimekuja kuchukua uso wa mke wangu."

"Mzee, pole sana. Lakini video ni ile. Imeshapitishwa."

"Kwenye video ile watu wanasema ana ugonjwa wa aibu. Wanasema ameficha uso kwa kesi. Yeye alijipaka mafuta aonekane. Wewe ukamgeuza, jina lako lisomeke."

"Jina langu halimo kwenye kibao," Chengo akasema polepole.

"Ya wakubwa wako basi."

 Chengo akavua miwani, akaipangusa kwa shati. Kwa mara ya kwanza Ngala akamwona kama mtu anayetumwa, na hakupenda kumwona hivyo. Kumchukia mtu anayetumwa ni kazi nzito.

Swabir akaeleza habari ya shuka.

"Vipande ambavyo havikutumika vipo Nairobi," Chengo akasema. "Kwa mtaalamu wao. Kazi ya maeneo mengi, iko pamoja. Nikimwambia atafute atatafuta, lakini mara moja, na ataniuliza anatafuta nini. Mwezi ujao wanasafisha, wanafuta vyote visivyo na mwenyewe. Siwezi kumwambia atafute kitu ambacho hatujui kama kipo. Nikisema kipo akakikosa, hatanisikiliza tena, kwa ajili yenu wala ya mwingine." Akamgeukia Swabir. "Ulirekodi?"

"Mkubwa, sikumbuki. Wallahi sikumbuki."

"Nani anakumbuka? Mimi nilichungulia kioo. Niliona shuka."

Swabir akawa anatazama sakafu. Kisha akainua kichwa, akamtazama Ngala.

"Mzee, wewe ndiye uliyekuwa umesimama mbele yangu. Ile kamera ina kitaa chekundu kwa mbele, pembeni mwa lenzi. Ikirekodi, kinawaka. Mimi niliyeko nyuma sikioni. Bwana Chengo alikuwa nyuma. Waliokuwa mbele ni wewe na marehemu tu."

Chengo akaacha kupangusa miwani. Wote wawili wakangoja.

Ngala akafumba macho. Dirisha lilikuja. Shuka likaja, na doa lake karibu na kidole gumba, la rangi ya chai. Mikono ikaanza kumwuma palepale ilipomwuma siku ile. Sauti ikaja: leo umekuwa kamba ya nguo. Alichotakiwa kufanya ni kugeuza shingo kidogo tu, kushoto, kwenye lenzi. Lakini siku ile hakuigeuza. Siku ile yote alikuwa akimtazama Kadzo, na Kadzo alikuwa akimtazama yeye, na hakuna kati yao aliyekuwa na haja na kamera.

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na wakubwa wamemdanganya kwa marefu zaidi. Akalisogeza mpaka kwenye meno, likakaa hapo. Chini, uani, mtu alikuwa akiwasha pikipiki isiyokubali kuwaka.

"Mzee Ngala," Chengo akasema, na sauti yake haikuwa na haraka. "Kilikuwa kimewaka, au hakikuwaka?"