Ushungi wa Soazig

Mchoraji wa Paris alipofika kijiji cha Kerouziel kutafuta msichana wa kumchora, Corentine alikwisha kunawa uso na kukaa mlangoni. Ndivyo alivyokuwa. Parokia nzima ilijua kwamba kwa uzuri hana mpinzani, na yeye alijua kuliko parokia. Lakini mchoraji huyo, Bwana Vaudrey, alimpita kama mtu anayepita gogo, akaenda kusimama mbele ya Soazig, binamu yake Corentine, mtoto wa miaka kumi na saba aliyekuwa akikokota ndoo ya makombo ya nguruwe, pua imebabuka kwa jua.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye binti mkulima wangu."

Corentine alicheka pamoja na wengine, lakini roho ilimuuma vibaya. Na ya Mungu mengi: Soazig hakujua kujifunga ushungi wa sikukuu, ule wa lesi wenye mbawa mbili, basi mchoraji akamwomba Corentine awe anamfunga kila asubuhi. "Wewe una mikono mizuri," akamwambia. Mikono! Uso wote ule Mungu aliompa, mtu anasifia mikono.

Kazi ilifanyika ghalani. Soazig aliketishwa upande, kisogo kikitazama dirisha, miguu peku imesuguliwa ikang'aa utadhani ni miguu ya mtoto wa askofu. Haya yote Corentine angeyameza. Alichoshindwa kumeza ni Goulven.

Goulven alikuwa mchumba wake. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na padri alibakiza Jumapili moja tu kabla ya kuanza kutangaza ndoa yao kanisani. Siku moja alikuwa akipeleka ng'ombe malishoni, akaegemea mlango wa ghala.

"He, Soazig! Kumbe una shingo? Miaka yote nilidhani kichwa kimekaa juu ya mabega!"

"Toka hapo, shemeji, utanichekesha nitikisike!"

"Tikisika tu. Bwana mkubwa atakuchora una vichwa viwili."

Akakaa. Akakaa mpaka ng'ombe wake wakaingia kwenye kabichi za watu, ndipo alipokimbia. Corentine, aliyekuwa akikunja lesi kwenye kona, alihesabu kila kicheko.

Kesho yake akaanza. Kerouziel, mbawa za ushungi hukutana kisogoni: kwa msichana, wa kulia hulala juu, kwa mjane, wa kushoto. Hata mtoto anayetambaa anajua. Corentine alizishika pini kwa meno, akauchukua ubawa wa kushoto, akaulaza juu ya mwenzake.

"Dada, mbona leo unanibana hivi?"

"Tulia. Ukitaka uzuri, vumilia."

Mchoraji angejuaje? Mtu wa Paris huona kitambaa cheupe, basi. Siku nne Corentine alimfunga hivyo, na kila jioni akamfungua mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamwona. Alijiambia siku picha itakapoonyeshwa watu watajipiga ishara ya msalaba, na hakuna mama atakayetaka mwanawe aoe msichana aliyechorwa mjane. Goulven naye angekosa hamu ya kuegemea milango ya watu.

Jumapili baada ya misa, Bwana Vaudrey aliisimamisha picha yake kwenye ukumbi wa baa, watu wakaingia na vikombe vyao vya pombe ya tufaha. Kwanza walicheka ile miguu. "Soazig huyu amekanyaga matope lini?" Kisha wanawake wakakiona kisogo, na kicheko kikakatika.

"Soazig, mwanangu," akasema Mama Barba, mamake Goulven, "umefiwa na nani?"

Soazig alitazama, akaelewa, akaangua kilio. Mchoraji aliwaangalia akifurahi. Alidhani uzuri wa picha umewagusa.

Mama Barba akasogea hadi pua ikakaribia kugusa rangi. Bwana Vaudrey alikuwa fundi wa kutoacha kitu. Alichora kila uzi na kila tundu la lesi, na pini tatu zinazong'aa, moja moja.

"Pini zimechomwa vichwa chini," Mama Barba akasema polepole. "Nani hapa kwetu anachoma pini vichwa chini?"

Wote walikuwa wamekwisha kumgeukia Corentine. Ni yeye peke yake aliyechoma hivyo, kama marehemu mama yake alivyomfundisha.

Goulven alimfuata uani.

"Kwa nini, Corentine?"

"Ulikuwa unamtazama."

"Soazig? Yule nimempangusa makamasi akiwa mtoto! Nilikuwa namtania."

"Ukakaa mpaka ng'ombe wakala kabichi za watu."

"Nilikaa kwa sababu wewe ulikuwa mle ndani, mwanamke! Nilikuwa nangoja uniinulie macho angalau mara moja."

Corentine alitamani ardhi immeze. Akanyoosha mkono kumshika, lakini Goulven alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa akifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo uso ulivyozidi kumpauka.

"Ulidhani nitakuacha nimuoe yeye," akasema. "Niambie kweli."

"Ndiyo. Nilidhani hivyo."

"Basi kama kwako yeye ndiye mke wangu, na umemfunga ushungi wa mjane, aliyekufa ni nani?"

Goulven akavaa kofia yake, akashika njia ya nyumba ya padri, kumwambia asiitangaze ndoa yao. Corentine hakumfuata. Asubuhi zote nne, pini zikiwa menoni, alikuwa amemwona huyo marehemu akilini mwake, amelazwa, na kila mara alikuwa Goulven.