Waya Uliojaa

Matanga ya Bujiku, baba yake Minza, yalikuwa yanaisha, na chini ya turubai pale Ubaruku walibaki watu wa ukoo tu. Baba mdogo Nashoni akakohoa. Kila mtu akajua kinachokuja.

"Shemeji, swichi uliwasha wewe. Kaka alikuwa kule mwisho ameshika waya wa mashine ya kukoboa. Ulimuona, hukumuona?"

Mama yake Minza akainama. Tangu mazishi hajafungua kinywa.

Minza, ambaye darasani akiulizwa hata jina anaangalia viatu, akasikia mdomo wake unaongea. "Siyo mama. Umeme ni elektroni, na kwenye waya elektroni zinatembea polepole, konokono anazipita. Kutoka swichi mpaka kwa baba zingefika kesho."

"Weee! Haya, kidato cha tatu kimesema." Baba mdogo hakucheka. Akafikiri. "Basi kama siyo swichi, kaka kauliwa na nani?"

Macho yakahama, moja moja, mpaka kwa bibi Sayi, mama wa marehemu, aliyekaa pembeni na macho yake mekundu ya moshi wa jikoni.

Minza alishasikia habari za mabibi wa watu walioangaliwa hivyo, wakaitwa wachawi.

"Sijamaliza, baba mdogo," akasema. Akamtazama mama yake kama anayeomba ruhusa.

Mama akainua uso. Alishaelewa. "Maliza, mwanangu. Usimwache bibi yako hapo."

"Hizo elektroni hazitokei kwenye swichi. Waya wote umejaa, hata umeme ukiwa umezimwa. Kama bomba la kumwagilia likiwa limejaa: ukifungulia huku, maji yanatoka kule palepale, ila siyo yaliyoingia sasa hivi. Swichi ikiwashwa, volteji inazisukuma zote kwa mpigo. Zilizompiga baba zilikuwa tayari kwenye ule waya, mkononi mwake."

Lililobaki halikuwa lake kusema.

"Niliwasha mimi," mama akasema. "Nilidhani ameshamaliza. Sikumuita kwanza. Hakuna mtu mwingine, Nashoni. Ni mimi."

Bibi Sayi akajikokota mkekani mpaka kwa mkwewe, akaushika ule mkono uliowasha, akaulaza mapajani mwake.

Baba mdogo akamwangalia mama yake, bibi Sayi, akainamisha kichwa.